Kupima kazi za shamba na nyumba kabla hazijawashinda: tulivyofanya Newala

Januari hii nilikaa siku mbili kwa mdogo wangu, Newala, mkoani Mtwara. Ana mikorosho 56, muhogo na mbaazi, kuku wapatao ishirini na watoto watatu wanaosoma, na alikuwa amepanga kupanda ekari tatu za ufuta. Mkewe alinipokea na maneno haya: "Wifi, tunaamka gizani, tunalala gizani, na kazi iko palepale." Nimeandika tulichofanya kwa sababu najua nyumba nyingi ziko hivyo.

Tafuta daftari la shule, penseli na kifutio. Simu iwekeni pembeni. Kwenye kioo kidogo mwaka mzima hauonekani kwa mara moja, na mume na mke wanatakiwa kuinamia ukurasa mmoja.

Hatua ya 1: Hesabu mikono

Hesabu watu wazima tu. Mtoto wa shule usimhesabu hata kama ana nguvu, na mama mwenye mtoto mchanga ni nusu. Kisha toa siku za misiba, kliniki, mikutano ya chama cha msingi cha ushirika, na jando na unyago wakati wake ukifika. Sisi tulitoa siku mbili kwa wiki, zikabaki siku tano kwa watu wawili, yaani siku kumi za kazi.

Sasa toa maji. Huku juu ya uwanda wa Makonde, hesabu isiyo na maji ni ya uongo. Wifi alipima kwa saa: kiangazi, kwenda na kurudi na dumu moja ni saa mbili na nusu. Kila siku ya wiki, hizo ni karibu siku tatu nzima za kazi. Kumi ikawa saba. Ndiyo maana nasisitiza kisima cha kuvunia mvua kabla ya kununua kitu kingine chochote. Bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 linateremsha lita 800, madumu 40.

Hatua ya 2: Andika kazi zote za mwaka

Mnazijua.

Hatua ya 3: Tenga zinazosubiri na zisizosubiri

Hapa ndipo nilipopoteza msimu mzima, kwa hiyo nendeni polepole.

Muhogo unasubiri ardhini. Kurekebisha banda kunasubiri. Ufuta hausubiri, salfa (dawa ya ubwiriunga wa mikorosho) haisubiri, na korosho iliyoanguka haisubiri mvua za Novemba. Zisizosubiri ziandikeni kwenye wiki zake, kila moja na siku inazokula, halafu tafuteni wiki zinazogongana.

Mwaka wangu ule nilipanda ufuta ekari tatu mwishoni mwa Februari. Ukaiva Juni, mikorosho nayo inatoa maua. Nikasema nimalize salfa kwanza. Niliporudi kwenye ufuta, nilishika shina moja kulikata, maganda yakafunguka kiganjani na mbegu zikamwagika mchangani kabla sijafunga kitita. Shamba zima lilikuwa hivyo. Ufuta unakatwa majani yakigeuka njano na maganda ya chini yakianza kukauka. Ukingoja yote yakauke, umechelewa.

Kwetu ekari moja kukata, kufunga na kusimamisha vitita inakula siku sita za mtu mmoja. Ekari tatu ni siku 18, na nyumba ina saba kwa wiki. Daftari lilimwambia mdogo wangu jambo hilo kabla hajapanda.

Salfa nayo ina mambo yake. Kwa gramu 250 kwa mkorosho, miti 56 inataka kilo 14 kwa mzunguko mmoja, na mizunguko ni mitano, kila baada ya siku 14. (Dawa za maji zina ratiba nyingine, soma lebo.) Salfa ya unga hushika kwenye umande, kwa hiyo ni alfajiri, kabla ya upepo. Aliyepuliza alfajiri usimpangie ufuta mchana. Macho yanamwasha na hajalala. Funika pua na macho kila mara. Kama mashine ni ya kukodi, andika tarehe uliyopewa na mwenye mashine, kwa sababu foleni yake ndiyo ratiba yako.

Hatua ya 4: Punguza

Punguza ekari, usipunguze usingizi. Tulifuta ekari mbili za ufuta, na iliyobaki ikapandwa mwezi uleule wa Januari ili ivunwe kabla salfa haijashika kasi.

Chini ya mikorosho tumia fyekeo. Jembe linakata mizizi ya juu na linakula siku mara mbili.

Kibarua mwite kama pesa ya kumlipa unayo mkononi. Usiuze korosho ikiwa bado maua kwa mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua mapema kwa bei ya chini, ili ulipe palizi. Nimeona nyumba ikivuna Oktoba mzigo ambao si wake tena, na waliouokota ni wao wenyewe.

Hatua ya 5: Kuku

Chanjo ya kideri ya I-2, tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Iandike tarehe kwenye daftari hilohilo. Wifi amechagua jioni, kuku wakishaingia bandani, maana mchana kuwakamata ishirini kunamaliza nusu siku ya mtu.