Kujenga kazi ya forodha na mizigo ukiwa Dubai

Vijana wengi wa kwetu wanaokuja Dubai huangukia kwenye mizigo, ama stoo za Deira ama maghala ya Jebel Ali. Wanabeba, wanafunga maboksi, wanaandika majina ya wateja kwa maka peni, mwisho wa mwezi wanatuma pesa nyumbani. Mimi ni mtu wa Tanga, na nilianzia hukohuko, kwenye ofisi ya kuchangia kontena karibu na Naif. Leo kazi yangu ni nyaraka za mizigo inayokwenda Dar es Salaam, Mombasa na Kongo. Mdogo wangu uliye stoo sasa hivi, nakwambia hivi: hapo ulipo una kitu ambacho wakala wa forodha aliyeko Dar hana. Wewe unauona mzigo kabla kontena halijapigwa lakiri. Yeye anaona karatasi tu. Jenga kazi yako juu ya hilo.

Kwanza kaa kihalali. Viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi, na kibali cha kazi ni cha mwajiri aliyeandikwa humo. Ukitaka kumfanyia mwingine kazi ya ziada, omba kibali chake wizara ya kazi. Tamko la forodha la hapa huingizwa kwenye mfumo wa Mirsal 2 kupitia kampuni iliyosajiliwa kwa shughuli hiyo. Mtu akikwambia utumie nywila yake uwe unaingiza matamko pembeni, kataa. Jambo likiharibika atakayepandishwa ndege ni wewe.

Ukishatulia, omba kazi ya tali, yaani kuhesabu na kuandika mzigo unapopakiwa. Watu huidharau kwa sababu ya jua na vumbi, lakini ndiyo shule yenyewe. Jifunze kupima CBM (mita za ujazo) kwa tepu mpaka uweze kukadiria kwa jicho. Kontena la futi 20 lina ujazo wa takribani mita 33 za ujazo, na la futi 40 lile refu takribani 76, ila mzigo wa maboksi mchanganyiko haujazi zote. Nafasi hupotea kwenye pembe na juu. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kontena halipandi melini bila uzito uliothibitishwa, kwa hiyo mizani yako ina uzito wa kisheria. Soma pia namba ya kontena: herufi 4, tarakimu 6, kisha tarakimu moja ya mwisho ambayo hupatikana kwa kukokotoa zile zilizotangulia. Ukikosea herufi moja kwenye hati, mara nyingi tarakimu ile ya mwisho itakataa kulingana. Kwenye simu yangu nina jedwali dogo la Excel linalofanya hesabu hiyo, na kila namba hupita hapo kabla sijaiandika kwenye BL, ile hati ya shehena ya meli.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo nakuomba ulitilie maanani kuliko mengine yote: namba za HS, yaani mfumo wa Shirika la Forodha Duniani wa kuipa kila aina ya bidhaa namba yake, unaotumika tangu 1988. Tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile karibu dunia nzima. Afrika Mashariki tunaongeza 2 ziwe 8, na nchi za Ghuba zimeanza kuhamia tarakimu 12 mwaka 2025. Kwa hiyo ukizimudu zile 6 ukiwa Dubai, umejifunza kazi ya Dar, ya Mombasa na ya Kampala kwa mkupuo mmoja.

Mfano wa kila wiki ni huu. Mteja wa Kariakoo analeta maboksi, na muuzaji kaandika kwenye ankara neno moja tu, "taa za sola". Fungua maboksi. La kwanza lina paneli tupu: hiyo ni 8541.43. La pili lina tochi za mkononi zenye kipaneli mgongoni: 8513.10, maana ni taa za kubebeka zenye chanzo chao cha umeme. La tatu ni taa za barabarani za LED, kila moja na paneli yake: 9405.41. La nne ni balbu za LED za kawaida, ambazo hata sola hazina: 8539.52. Ni namba nne, na viwango vya ushuru vinaweza kutofautiana, lakini muuzaji kaziita zote jina moja. Wakala wa Dar hawezi kulijua hilo mpaka mzigo ufunguliwe mbele ya afisa, na wakati huo gharama za bandari zinatembea. Wewe unaweza kuliona saa nne asubuhi ukiwa umeshika kisu cha kukatia tepu. Piga picha, mrudie muuzaji, mwombe ankara yenye mistari minne.

Ipigie hesabu uone. Chukua mzigo wa thamani ya dola 10,000 za CIF, yaani bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli. Ukiwa kwenye daraja la ushuru la asilimia 25, ushuru ni 2,500, na VAT ya Tanzania ya asilimia 18 juu ya 12,500 ni 2,250. Jumla 4,750, kabla ya tozo nyingine kama ile ya reli. Ukiwa kwenye daraja la asilimia 10, ushuru ni 1,000 na VAT 1,980, jumla 2,980. Namba moja imebeba dola 1,770 za mfanyabiashara. Madaraja makuu ya pamoja ya Afrika Mashariki ni 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Baadhi ya bidhaa nyeti kama mchele na sukari zina viwango vyake vya juu zaidi.

Kuna kanuni 6 za kufasiri mfumo wa HS. Ya kwanza inasema majina ya sehemu na sura ni ya kukuelekeza tu. Kinachoamua ni maneno ya kichwa chenyewe, yaani kifungu cha tarakimu 4, pamoja na maelezo ya sehemu na sura. Wengi hawasomi maelezo hayo, wanatafuta neno kwenye intaneti na kunakili namba ya kwanza wanayokutana nayo. Soma sura moja kila jioni, ukianza na zile zinazopita mikononi mwako: 84, 85, 87, 61, 62, 64.

Incoterms, yaani masharti ya kimataifa yanayogawa gharama na wajibu kati ya muuzaji na mnunuzi, zipo 11 kwenye toleo la 2020. Kwa njia yetu zinazotawala ni EXW (unauchukua mzigo kwa muuzaji), FOB (muuzaji anaufikisha melini) na CIF. Ukumbuke tu kwamba ukinunua kwa FOB, nauli na bima huongezwa kabla ushuru wa kwetu haujakokotolewa.

Kwa mizigo ya ndege, jifunze betri. Dubai ni soko la simu, na pawabenki huhesabiwa kuwa betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, zenye namba ya kimataifa UN3480, ambazo tangu Aprili 2016 haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria. Kwenye ndege za mizigo nazo zisizidi asilimia 30 ya chaji. Kozi ya bidhaa hatari ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, hurudiwa kila baada ya miezi 24. Ilipie mwenyewe kama mwajiri hataki. Ofisi nyingi za mizigo zinamtafuta mwenye cheti hicho.

Kiswahili chako nacho ni mtaji. Mteja wa Lubumbashi atakupigia wewe, hatampigia bosi wako. Mweleze mapema kwamba mzigo wa Kongo unahitaji FERI, hati ya kufuatilia mzigo inayotolewa na OGEFREM, taasisi ya serikali ya Kongo, na ukipita Dar unakwenda kwa dhamana ya transiti mpaka mpakani. Wa Kenya na Tanzania uwaulize kuhusu cheti cha ubora cha PVoC kabla hawajalipa, kwa sababu ukaguzi hufanyika huku, mzigo haujaondoka.

Yupo mteja atakayekuomba ankara ya pili yenye bei ndogo. Hili linaniuma sana, maana anayeomba mara nyingi ni ndugu, jirani au mama anayehangaikia duka lake. Mjibu kwa heshima, "Mama, hiyo siwezi, lakini nitakutafutia namba sahihi ya bidhaa na nitakupunguzia CBM kwa upakiaji mzuri." Ankara ya uongo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, na jina lako likishachafuka kwa maafisa, mizigo yako yote itafunguliwa.

Kuhusu vyeti vya nyumbani, lenga EACFFPC, kile cha mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki. Kwa Tanzania hufundishwa Chuo cha Kodi, Dar es Salaam. Kwa Kenya ni KESRA, chuo cha mamlaka ya mapato ya huko. Wasiliana na chuo kabla ya kukata tiketi ya likizo, uulize ratiba ya masomo na ya mitihani. Ukitaka kubaki nje au kuhamia nchi nyingine, diploma ya FIATA, shirikisho la kimataifa la vyama vya mawakala wa mizigo, inatambulika mbali zaidi.

Ukirudi, fahamu kwamba leseni ya uwakala hupewa kampuni, tena kwa mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo njia nyepesi ni kuingia kwenye kampuni yenye leseni tayari ukiwa na wateja wako. Anza kuwaandika leo: jina, bidhaa, namba ya HS, bandari, wakala anayemtolea mzigo. Na angalia kalenda: toleo jipya la HS linaanza kutumika Januari 2028. Namba nyingi zitabadilika siku moja, kwa mzoefu na kwa mgeni vilevile. Pitia jedwali la mabadiliko mapema, uweke namba ya zamani na mpya kando ya kila bidhaa ya wateja wako.