Kupima ugumu wa ateri kwa kasi ya wimbi la mapigo
Mzee akiingia kliniki ametembea juani toka soko la Chikongola, sianzi kupima. Namlaza chali dakika 10, nikishahakikisha hajavuta sigara wala kunywa kahawa kwa saa 3.

Mapigo yanasomwa shingoni na kwenye kinena. Kinena hakitaki haraka: "Babu, naomba nikuguse hapa," mfunike shuka, ndipo uweke kihisio.

Pima umbali baina ya sehemu hizo kwa mstari ulionyooka. Futikamba isipinde kufuata kitambi. Zidisha kwa 0.8, gawa kwa muda ambao wimbi la mapigo linatumia toka shingoni hadi kinenani. Sentimita 60 zinakuwa mita 0.48, kwa sekunde 0.06, kasi ni mita 8 kwa sekunde. Ikizidi 10, ateri kuu, mshipa mkubwa utoao damu moyoni, imekakamaa.

Rudia. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya mita 0.5 kwa sekunde, chukua cha tatu, uandike cha katikati.