Kuku wa korosho wa Kichina kwa mwenye presha

Mzee wangu ana presha, mwaka wa tatu sasa, na kliniki walimwambia apunguze chumvi na mafuta, basi, hayo tu, kama vile ni kitu kidogo. Sasa huyu mzee kila Ijumaa alikuwa na kuku wake wa korosho wa teki awei, yule anakuja kwenye kontena la foili na wali pembeni, mchuzi unang'aa, ukifunua tu harufu inajaa sebule nzima. Mara ya kwanza nilipojaribu kumpikia nyumbani kiafya nikachemsha kuku, nikachemsha na mboga, nikadondoshea soya sosi tone mbili, akala vijiko viwili akaniambia mwanangu, hiki chakula cha wodini. Na alikuwa sahihi jamani, kilikuwa kibaya.

Nimehangaika nacho mpaka nimekielewa, kwa hiyo naandika hapa vile ninavyofanya sasa, na mzee anamaliza sahani.

Kwanza ujue kwa nini cha hotelini ni kizito. Hoteli nyingi za Kichina kuku anapitishwa kwanza kwenye karai la mafuta mengi, ndo maana analainika vile, afu anatolewa, anakaangwa tena na mboga, afu ndo inamwagwa sosi ya soya, sosi ya chaza na sukari. Kuna mji unaitwa Springfield kule Missouri, Marekani, wao kuku wa korosho ndo kama chakula chao cha nyumbani, alianza nacho mpishi Mchina anaitwa David Leong miaka ya 60, na yeye kuku alikuwa anamzungusha kwenye unga na kumzamisha kwenye mafuta kabisa kwa sababu wateja wake walishazoea kuku wa kukaanga. Kitamu, sikatai. Ila kwa mzee wangu hapana.

Chumvi ndo penye kesi kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hicho ni kijiko kimoja cha chai, siku nzima, pamoja na ya kwenye mkate na kila kitu. Kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi ya kawaida kina sodiamu (ile iliyomo kwenye chumvi) kama miligramu 900, ukiipeleka kwenye chumvi ni gramu 2 na kidogo. Yaani vijiko viwili tu umeshakaribia kumaliza siku yako, na mtu anaimwaga ile chupa kama anamwagilia bustani. Zipo soya zimeandikwa chumvi pungufu, ukizipata chukua, ila geuza chupa usome sodiamu nyuma maana pungufu haimaanishi kidogo. Na zile chumvi mbadala za potasiamu usimpe mgonjwa kienyeji, mwenye shida ya figo au anayetumia baadhi ya dawa za presha zinaweza kumletea matatizo, aulize daktari wake kwanza.

Haya twende jikoni. Hii ni ya watu 4.

Kuku chukua nusu kilo ya kidari cha kuku wa kisasa, toa ngozi yote. Wa kienyeji muache kwa ajili ya supu, huyu pishi lake ni la dakika chache na kienyeji atakuumbua. Muweke friza nusu saa agande kidogo, atakatika vizuri, afu mkate vipande vyembamba kama nusu sentimita, na kisu kikate kukingama na nyuzi za nyama, usifuate nyuzi, ukizifuata utapata kamba. Weka kwenye bakuli na ute wa yai moja, kijiko kimoja cha chakula cha konflawa (ule unga mweupe laini wa mahindi unaoteleza kama poda, usije ukatia unga wa ugali), kijiko cha chai cha siki na cha mafuta, changanya kwa mkono mpaka kila kipande kivae, acha nusu saa. Chumvi hamna hapa. Kibao na kisu ulichokatia kuku osha kwa sabuni kabla hujagusa mboga.

Sasa hapa ndo siri yenyewe, badala ya kumpitisha kwenye mafuta unampitisha kwenye maji. Wachina wenyewe wanafanya hivyo majumbani, nani ana lita ya mafuta ya kuchezea kila siku. Bandika sufuria ya maji, yakichemka punguza moto yawe yanatokota taratibu, tia kijiko cha chai cha mafuta, dondosha kuku kidogo kidogo huku unatenganisha na uma, hesabu kama dakika moja, akishakuwa mweupe nje mtoe umchuje kwenye chujio. Ndani bado hajaiva, usiogope, atamalizikia kwenye karai. Ule ute na konflawa unafanya kama koti, maji ya nyama hayatoki, na ukimtafuna unateleza vilevile kama wa hoteli. Mimi nilipoona hii mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni.

Mboga tumia zilizopo sokoni. Mimi natia karoti mbili, hoho mbili za rangi tofauti, mkono wa maharage mabichi, fungu la chainizi nikitenganisha shina na majani, na uyoga mamama kama nimeupata kwa sababu uyoga unaleta ule utamu wa nyama bila chumvi. Brokoli ukiwa na hela tia, bila brokoli hakuna kitakachoharibika. Kata zote mapema, na zikaushe!! Osha afu futa na taulo, mboga yenye maji ukiitia kwenye karai, moto unakufa, zinaanza kuchemka, na hapo ndo unarudi kule kule wodini. Kitunguu saumu punje 4 na tangawizi kipande kama kidole gumba, katakata vidogo, usiogope kuzidisha, na vitunguu majani vya mwisho.

Sosi changanya pembeni kwenye kikombe kabla hujawasha moto maana ukishaanza hakuna muda wa kutafuta chupa kabatini: soya vijiko 2 vya chakula, hivyo tu kwa watu wote wanne, juisi ya chungwa moja, maji au supu ya kuku isiyo na chumvi robo kikombe, siki kijiko 1 cha chakula, konflawa vijiko 2 vya chai, pilipili manga ya kutosha. Chungwa linafanya kazi ya sukari, na uchachu wa siki unaudanganya ulimi kwamba chumvi ipo. Ukigawa hapo kila mtu anapata nusu kijiko cha soya, kama gramu 1 ya chumvi na ushee. Viungo vya unga vya pakiti na vile vya mchemraba wa kuvunja weka mbali, hivyo karibu vyote vimejaa chumvi na vitakuharibia hesabu yote.

Korosho, gramu 40 hivi, konzi moja ya mkono, nunua mbichi zisizo na chumvi na ukaange kavu kwenye karai bila mafuta mpaka zianze kunukia na kupata rangi, zitoe. Za njiani zile za kukaangwa na chumvi hapana. Zina mafuta mazuri ila ni mengi, kwa hiyo usimalize kilo, najua ndugu zangu wa Mtwara mtanichukia.

Mafuta ya kukaangia vijiko 2 vya chakula, alizeti au karanga. Samli, mafuta ya mgando na ya mawese yana mafuta yale yanayopandisha kolesteroli mbaya, na ya nazi pia, najua watu wa pwani mtabisha, bisheni, nazi naila ila sio kwenye hili.

Karai la chuma, lile lile la maandazi, ndo wok yenyewe (karai la Kichina), usinunue kitu. Lipashe moto likiwa tupu mpaka tone la maji likidondoka linakimbia kama gololi (fraipani isiyoshika usiifanyie hivi, hiyo usiiunguze ikiwa tupu). Kijiko kimoja cha mafuta, zungusha, tia karoti na maharage, moto juu kabisa, geuza geuza dakika 2, tia hoho, uyoga na mashina ya chainizi dakika 1 nyingine, toa vyote weka kwenye sahani. Usivipike pamoja na kuku kwa wakati mmoja, jiko letu la gesi la nyumbani halina nguvu ya jiko la hoteli, ukijaza karai linapoa. Jiko la mkaa likikolea vizuri nalo linafaa kweli.

Rudisha karai, kijiko cha pili cha mafuta, saumu na tangawizi sekunde 20 tu zisiungue, kuku ndani, mtandaze, muache kidogo apate rangi kabla hujamgeuza, jumla kama dakika 2 hadi 3. Kata kipande kinene uone, kusiwe na pinki. Rudisha mboga, majani ya chainizi, koroga ile sosi maana konflawa inakaa chini, mwaga pembezoni mwa karai, itatokota na kuwa nzito inang'aa ndani ya nusu dakika. Zima. Korosho, vitunguu majani, kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta kama unayo. Kwisha.

Wali sasa, watu wengi wanaharibu hapa. Sisi tumezoea kuunga wali na chumvi na mafuta au nazi, Wachina wali wao wanapika na maji matupu kwa sababu mchuzi una chumvi tayari. Fanya hivyo. Mchele wa brauni ukiwepo ni bora zaidi, una nyuzinyuzi, ila unataka maji mengi na kama dakika 40, na wali uwe wa ngumi moja, mboga ndo zijae sahani. Wiki za kwanza utaona wali hauna ladha, afu ulimi unazoea.

Kikibaki tia friji mapema, kesho pasha na vijiko viwili vya maji, usiongeze soya.

Na chupa ya soya isikanyage mezani. Weka ndimu zilizokatwa na pilipili mbichi. Mzee Ijumaa ya kwanza aliangalia huku na huku akauliza chupa iko wapi, nikamwambia imeisha, akakamulia ndimu.