Unahamia Kampala na mimba? Tafuta pa kujifungulia kabla ya nyumba

Dalali wa Kampala atakuuliza mambo mawili: bajeti yako ni shilingi ngapi, na unataka vyumba vingapi. Wewe mwulize la tatu: saa nane za usiku, mvua inanyesha, mtu anatokaje hapa kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji? Akianza kuzungusha maneno, mshukuru, tafuta nyumba nyingine. Nawaandikia dada zangu wa Tanzania mnaowafuata waume huku mkiwa wajawazito, kama nilivyomfuata wangu kutoka Njombe alipopata kazi ya kutengeneza majokofu. Wengi wetu huanza na nyumba, kisha vyombo, kliniki baadaye. Mimi nasema geuzeni.

Kazi inaanzia nyumbani, kabla ya kukata tiketi. Kadi yetu ya kliniki imeandikwa kwa Kiswahili, na nesi wa Kampala anaweza kuigeuzageuza asiambulie kitu. Mwombe nesi wako akuandikie karatasi moja kwa Kiingereza, aigonge mhuri: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, tarehe ya matazamio, kundi la damu, wingi wa damu, majibu ya VVU na kaswende, dozi za pepopunda na za SP, dawa ya kukinga malaria, ulizopata na tarehe zake. Kama uliwahi kujifungua kwa upasuaji, hilo liandikwe juu kabisa. SP huku wanaiita Fansidar. Huanza kumezwa mimba ikishafika wiki 13, na kati ya dozi na dozi lazima upite angalau mwezi mmoja, ndiyo maana tarehe zina umuhimu. Anayetumia Septrin kila siku hapewi SP, naye aseme mapema. Sisi wa nyanda za baridi tumezoea kulala bila neti. Kampala malaria ipo, na kituo cha serikali hutoa neti kwa mjamzito anapoanza kliniki. Ikiwapo, ichukue na uilalie siku hiyo hiyo.

Uganda inadai cheti cha homa ya manjano mpakani. Chanjo yenyewe ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mjamzito hachomwi hivi hivi. Daktari ndiye aamue uchanjwe au uandikiwe barua ya msamaha. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi, beba pasipoti au hati ya dharura ya safari. Viza hatulipi sisi wa Afrika Mashariki, ila pale mpakani Mutukula usibanduke dirishani kabla hujasoma siku ulizogongewa. Kama mumeo ana kibali cha kazi, anaweza kukuombea kibali cha mtegemezi. Aanze mapema, asingoje uwe wodini.

Sasa hospitali. Vituo vya serikali Uganda vina madaraja, na inabidi uyajue kama unavyojua mwezi wa mimba yako. Daraja la III wanazalisha lakini hawapasui. Daraja la IV wanatakiwa kuwa na chumba cha upasuaji, na juu yao ndizo hospitali. Kwa hapa Kampala, Kisugu ni daraja la III, Kisenyi ni la IV, na wenye matatizo makubwa hupelekwa Kawempe, hospitali ya rufaa ya taifa. Huduma za serikali hazilipiwi, ingawa kifaa kikiisha kituoni utaambiwa ukanunue. Hospitali za dini kama Nsambya, Lubaga, Mengo na Kibuli zinatoza. Nenda mwenyewe dirisha la malipo, uliza bei mbili: ya kujifungua kawaida na ya upasuaji, na kiasi gani kinatakiwa mkononi kabla ya kupokelewa. Ukitajiwa bei moja tu, simama hapo hapo mpaka upate ya pili. Mwenye kovu la upasuaji, mwenye mapacha au mwenye presha asijiandikishe daraja la III kwa sababu tu ni karibu.

Ukishachagua hospitali, ndipo urudi kwa dalali. Vyumba vya safu, vile wanavyoviita muzigo, viko vingi mabondeni, na vya bei rahisi ndivyo maji ya mvua huvitembelea kwanza. Uone njia mwenyewe: boda inaweza kupita mahali ambapo gari haliingii, na mwenye uchungu hapakiwi kwenye boda. Chukua namba za madereva wawili wa magari ya kukodi, speshali kwa lugha ya hapa, wanaolala mtaa huo huo. Ukimwambia jirani akuitie taksi atakuonyesha stendi, maana taksi huku ni daladala.

Kliniki nenda asubuhi mapema, na siku ya kwanza nenda na mume. Vituo vingi huwapitisha mbele waliokuja wawili, na vipimo vya VVU mtapimwa pamoja. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu 2005, lakini usikitegemee foleni ya Kampala. Pale ni Kiganda na Kiingereza. Wazee wengine wanakihusisha na wanajeshi, ukiwaamkia kwa Kiswahili wanakuangalia kwanza. Kila mhudumu mwite “musawo”. Jifunze “ndi lubuto”, nina mimba, “omusaayi”, damu, “ebisa”, uchungu wa kuzaa. Haya hayangoji mkalimani: damu ikitoka, kichwa kikiuma kupita kiasi, macho yakiona maluweluwe, uso ukivimba, homa, chupa ikivunjika, au mtoto akipunguza kucheza. Ni hospitali moja kwa moja.

Jambo litakalokusumbua kuliko pesa ni mtu wa kukaa nawe. Wodi za serikali zinategemea mgonjwa aje na wake. Huyo ndiye anayepika au kuleta chakula, anafua, anakimbia duka la dawa na karatasi ya daktari, anabaki na mtoto wewe ukienda kuoga. Mume mara nyingi hulala nje, kwa sababu wodi ni ya wanawake. Nyumbani ungekuwa na mama, shangazi na wifi. Hapa lazima umtafute mapema na mkubaliane kabisa, nauli na shughuli zake zikiwemo. Mimi nilimpata jumuiya ndogondogo ya kanisa: Nnalongo, yaani mama wa mapacha, wa safu ya nyuma yetu. Yeye ndiye aliyenifungashia beseni. Chini aliweka Mama Kit, fungu linalouzwa duka la dawa likiwa na karatasi ya nailoni ya kulalia, glavu, pamba, wembe, uzi wa kitovu na sabuni. Juu yake shuka mbili, vitenge vya zamani, pedi, nguo za mtoto na kofia, kikombe na chupa ya chai. Halafu akachukua kalamu ya wino mzito akaandika jina langu kwenye beseni na chupa, kwa sababu wodini mabeseni yote yanafanana.

Majirani watakuletea emumbwa, vijiti vya udongo uliochanganywa na mitishamba. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, usinywe. Hujui mna mti gani ndani, na ipo inayochochea uchungu. Damu iongeze kwa vidonge ulivyopewa, usivimeze na chai, na ule mboga za majani kama nakati na dodo, yaani mchicha, maharage na mukene, ambao ni dagaa wetu.

Mtoto akizaliwa, hospitali itakupa taarifa ya kuzaliwa. Isome hapo hapo. R na L hubadilishana nafasi huku, Rehema anakuwa Lehema, na wengi hawana desturi ya jina la baba na la babu kufuatana kama sisi, kwa hiyo waandikie majina yote matatu kwenye karatasi wanakili. Taarifa hiyo inapelekwa NIRA, ofisi ya usajili ya Uganda, kupata cheti. Kuzaliwa Uganda hakumpi mtoto wa Watanzania uraia wa Uganda. Uraia wake unatoka kwenu. Chukua cheti na pasipoti zenu mwende ubalozi wetu Kampala mkamwombee hati ya kusafiria, na mfanye hivyo kabla bibi yake hajaanza kuuliza mnakuja lini, maana Mutukula hata kichanga anaulizwa karatasi yake.