Anza na Anga: Kuchora Mandhari ya Mto kwa Njia ya Alfred Sisley

Alfred Sisley (1839–1899), Mwingereza aliyezaliwa Paris, alikuwa mchoraji wa mandhari karibu tupu, hasa vijiji vya kando ya mito Seine na Loing. Alikuwa na desturi ya kuanza na anga. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: humaliza nyumba na miti, kisha hujaza buluu kwenye mapengo. Anga la namna hiyo huning'inia nyuma kama pazia, wala mwanga wake haugusi chochote chini.

Chukua turubai la sentimita 46 kwa 55. Likizidi hapo, mwanga utahama kabla hujalijaza. Lipake kwanza kijivu hafifu na uliache likauke. Juu ya nyeupe tupu kila rangi huonekana nzito, yaani yenye giza, kuliko ilivyo, nawe ukaipunguza, ukaishia na picha iliyopauka. Rangi za mafuta zinazotosha ni nyeupe ya titani, buluu ya kobalti, ultramarini (buluu iliyokolea), viridiani (kijani), njano ya kadimiamu, nyekundu ya kadimiamu na alizarini (nyekundu iliyokolea). Nyeusi iache nyumbani. Nyeupe ya risasi ya enzi zile ni sumu, usiitafute.

Simama turubai liwe kivulini. Likipigwa na jua utachanganya rangi nzito mno, na picha ikiingia ndani itakuwa giza.

Lipe anga nusu ya turubai au zaidi. Juu kabisa tumia buluu iliyokolea. Ukishuka kuelekea upeo ongeza nyeupe na chembe ya njano. Mawingu ya mbali yafanye madogo na yaliyosongamana, maana hayo ndiyo yanayoleta kina. Usichanganye zaidi ya rangi tatu kwa mara moja, la sivyo utapata tope.

Kisha maji, anga likiwa bado bichi, kwa kuwa yanakopa rangi kutoka humo. Sehemu angavu ya anga huwa nzito kidogo majini. Ukuta mweusi huwa mwepesi kidogo. Taswira ishuke wima, mawimbi yakatize kwa mlalo. Tazama picha za Sisley za 1876 za mafuriko ya Port-Marly, kijiji cha kando ya Seine. Mojawapo iliuzwa faranga 43,000 mwaka 1900, mwaka mmoja baada ya Sisley kufa maskini.

Nyumba na miti huja mwisho, na brashi ibadilike: bapa kwa ukuta, madoa mafupi kwa majani. Sisley hakutaka uso wote ufanane. Vivuli vipe buluu au zambarau.

Baada ya saa mbili, acha. Rudi kesho saa ileile, hali ya hewa ikiwa ileile. Ukifuata vivuli vinavyohama, jua litakuwa pande mbili. Tabaka la chini la rangi lizimuliwe kwa tapentaini, la juu liwe na mafuta zaidi. Ukigeuza utaratibu huo, rangi itapasuka ikikauka. Vanishi isubiri miezi sita hivi, zaidi kama rangi ni nene.