Weka haya sawa kabla hujatuma PR kwenye nyaraka za Kubernetes

Wengi wanadhani kuchangia opensosi (programu ambazo kodi zake ziko wazi kwa wote) lazima uandike kodi za programu, wakati nyaraka nazo zina uhitaji mkubwa wa watu, na ripo (hifadhi ya mafaili) ya nyaraka za Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu zilizo kwenye kontena, (kubernetes/website pale GitHub) iko wazi kwa yeyote. Ila PR nyingi (pull request, yaani ombi la mabadiliko yako kuingizwa) zinakwama kwa vitu vya kuweka sawa kabla hata faili halijafunguliwa, na inauma kwa sababu unakuta kazi yenyewe ni nzuri kabisa.

Anza na imeili. Mradi uko chini ya CNCF (taasisi inayosimamia miradi ya opensosi ya cloud) na mchango wako haupokelewi mpaka uwe umesaini makubaliano ya mchangiaji, yale wanayoita CLA. Ukishatuma PR kuna boti linakagua imeili iliyoandikwa kwenye kila komiti (badiliko ulilohifadhi kwa Git) kama ni ya mtu aliyesaini. Sasa Git, ile programu inayotunza historia ya mabadiliko, haichukui imeili ya akaunti yako ya GitHub, inachukua ile iliyosetiwa kwenye kompyuta, kwa hiyo kama laptop ni ya kazini au umeazima kwa mtu boti litakukatalia hata kama ulisaini zamani. Andika git config user.email uone inatoka ipi. Na kama unachangia kama sehemu ya ajira yako muulize bosi mapema, maana kuna CLA ya kampuni na hiyo huwezi kuisaini tu mwenyewe.

Halafu angalia isyu (tatizo lililoripotiwa GitHub) unayotaka kuifanyia kazi kama kuna mwenzako ameshaichukua. Kama haina mtu andika komenti ya /assign ili wengine wajue uko nayo.

Jua pia unaelekeza wapi. Marekebisho ya nyaraka za toleo lililopo yanaenda main (branchi kuu, yaani tawi kuu la ripo), lakini ukielezea kitu cha toleo ambalo halijatoka yanaenda kwenye branchi ya dev ya toleo hilo. Na usichanganye lugha, PR moja lugha moja, maana kila lugha ina folda yake ndani ya content na wakaguzi wake.

Kwa sisi wa kununua bando, ripo hii ni nzito jamani. Kama unarekebisha sentensi mbili tatu, editi palepale GitHub kwenye brauza, hakuna haja ya kuishusha. Kama kazi ni kubwa tumia git clone --depth 1, historia yote ya nyuma haishuki. Foku yako (nakala yako ya ripo pale GitHub) nayo haijisasishi yenyewe, kwa hiyo vuta mabadiliko ya upstream (ripo ya asili) kwanza, ndo ufungue branchi mpya ya hiyo kazi, usifanyie kazi kwenye main ya foku yako.

Hapa kwenye edita ndo nataka uwe makini zaidi. Edita nyingi zimesetiwa kupanga upya faili zima ukisevu, zinakata nafasi, zinabadili nyota za orodha kuwa vistari, na kwenye Windows miisho ya mistari inaweza kubadilika yote, matokeo yake wewe umegusa aya moja ila difu (orodha ya mistari iliyobadilika) inaonyesha mistari mia nne, na mkaguzi ambaye anajitolea baada ya kazi yake ya siku anashindwa kuona umebadili nini. Zima hiyo fomatingi kwenye folda hiyo, na kabla ya kukomiti piga git diff usome mstari kwa mstari. Kama kuna mstari huujui, utoe.

Vichwa vya sehemu usiviguse bila sababu. Linki za kurasa nyingine zinaelekea kwenye kichwa kwa maneno yake, ukibadili maneno linki inakosa pa kutua na hutaona kosa lolote kwenye faili lako, kwa hiyo tafuta kwanza ripo nzima nani anakitumia.

Ukiwa na Docker (programu ya kuendesha kontena), amri ya make container-serve inakuonyesha ukurasa kwenye brauza yako, localhost:1313, usipokuwa nayo usijali, ukituma PR huduma ya Netlify inatengeneza onyesho lenyewe, lifungue uangalie majedwali na vipande vya kodi.

Kuingia kwenye main kunahitaji lgtm ("looks good to me", mkaguzi kaona iko sawa) na approve (idhini ya kuingizwa), na ukishapata lgtm usipushi kitu kingine kidogokidogo, komiti mpya inaiondoa na mkaguzi analazimika kusoma tena.