Kupima dawa ya Kichina ya ini kupitia metaboliti

Juzi nilikaa na mwanafunzi mwenye grafu nzuri na jibu lisilo sahihi. Kwa kupima metaboliti, yaani molekuli ndogo zinazotengenezwa mwilini, anachunguza Yinchenhao Tang, dawa ya ugonjwa wa manjano inayotumika China tangu zama za mganga Zhang Zhongjing, miaka 1800 hivi iliyopita: mimea mitatu, yinchen, zhizi na dahuang, inachemshwa pamoja. Nilimpitisha hivi.

1. Makundi. Panya wazima, panya walioharibiwa ini kwa kaboni tetrakloridi, panya wagonjwa waliopewa dawa, na panya wazima waliopewa dawa. Wengi huliacha hili la nne. Usiliache.

2. Damu. Wote walale njaa saa zilezile. Seramu (maji ya damu yanayobaki ikishaganda) iliyoingia wekundu itupe. Hifadhi kwa -80°C.

3. Kupima. Seramu mikrolita 100, methanoli baridi 400, tikisa, zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu, weka kwenye LC-MS, mashine inayotenganisha molekuli na kupima uzito wa kila moja. Changanya kidogo kutoka kila sampuli, upitishe mchanganyiko huo kila baada ya sampuli 10 kuhakiki kuwa mashine haijayumba. Zamu za sampuli zipangwe kwa kura.

4. Toa dawa ndani ya data. Hapa nilipoteza wiki tatu. Kundi lililotibiwa lilijitenga mbali kwenye grafu, nikaamini ini limepona. Kilele kirefu kuliko vyote kwenye LC-MS kilisoma uzito wa 401.1 kwa chaji hasi. Hakikuwa cha panya: kilikuwa jenipini, itokanayo na jeniposidi ya zhizi, ikiwa imeshikanishwa na asidi ya glukuroni. Ndiyo maana kuipima dawa iliyochemshwa peke yake hakutoshi; mwili huibadilisha. Chukua kila molekuli ya dawa, uitafute kwenye seramu ikiwa imeongezeka uzito wa 176.03 (imeshikana na asidi ya glukuroni) au 79.96 (imeshikana na salfeti). Kisha fungua lile kundi la nne. Kinachoonekana kwa waliopewa dawa tu, wazima na wagonjwa, na hakipo kabisa kwa wengine, kiondoe. Kilichopo kwa wote ila kimepanda au kushuka, kibakishe, hata kama kimebadilika kwa wazima pia: dahuang huharisha, na asidi za nyongo huyumba kwa sababu hiyo.

5. Takwimu. PCA kwanza (hupanga sampuli bila kuambiwa makundi), OPLS-DA baadaye (huambiwa makundi), na jaribio la kuchanganya lebo za makundi ni lazima, kuona kama utengano ni wa bahati tu. Kusoma data natumia programu ya MZmine, ni ya bure na inakuonyesha kila kilele.

6. Majina. Asidi za nyongo za taurokenodeoksikoli na tauroursodeoksikoli zina uzito uleule, ilhali ya kwanza huweza kuliumiza ini na ya pili hulilinda. Nunua viwango halisi (sampuli safi za kulinganishia) vya zote mbili, uvipitishe kwenye safu ileile ya kromatografia, ulinganishe dakika ya kutokea kabla ya kuandika jina lolote.